Usilipie Mashua Iliyo Mchangani

Nyinyi vijana mnanunua vitu ng'ambo kama mtu anayechuma sukuma wiki nyuma ya nyumba. Gari, trakta, mashua. Mnatuma pesa kwa mtu ambaye hamjaona hata meno yake, halafu mnakaa mnangoja. Sina ubaya na hiyo. Lakini mimi nimeuza samaki hapa Eldoret mpaka magoti yakakataa, na katika hiyo kazi tulinunua mashua kwa nchi ya wenyewe. Hiyo nchi ni Uganda tu, msinicheke. Ukishavuka mpaka na pesa ya watu, ng'ambo ni ng'ambo. Polisi wa huko hawakujui, chifu wako hafiki huko, na yule aliyekula pesa yako analala kwake ameshiba.

Mtauliza wanawake wa Munyaka, mtaa wa hapa Eldoret ambako hata bata hutafuta dimbwi la kuoga, walitaka mashua ya nini. Tulikuwa chama cha wauza samaki. Tukipokezana, mmoja wetu alishuka ziwani, akanunua, akapanga samaki na barafu kwenye masanduku, akarudi na lori ya Mzee Abdi. Huyu Mzee Abdi ni Msomali mwenye duka la jumla hapa mjini. Lori yake ilipeleka sukari na sabuni mpaka Busia, ikirudi tupu inabeba samaki wetu. Alilalamika kila safari. "Mama Ajiambo," aliniambia, "wateja wangu wameanza kuuliza kama hii sukari imevuliwa." Lakini hakuwahi kutuacha barabarani.

Sasa, huko ziwani kuna samaki anayeuzwa mara mbili. Mara ya kwanza unamlipia kwa shilingi. Mara ya pili mvuvi anakuambia mbuta mzuri ameisha, lakini kama utapita kwake jioni huenda akapatikana mwingine. Nasema wazi kwa sababu niliyaona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa mzee tayari na ulimi wangu ulikuwa mkali, wavuvi waliniogopa. Lakini Nafula, mdogo wetu katika chama, alikuwa na watoto wawili, hana bwana, na sura ya kutazamwa. Samaki yake ilikuwa nzuri kila mara. Siku moja tunapara magamba sokoni nikamwambia, "Nafula, wewe una bahati na wavuvi." Hakuinua macho. Akaendelea kupara, akasema, "Mama, si bahati. Nalipa."

Hapo ndipo wazo la mashua lilitoka. Ukiwa na mashua yako, mvuvi ni mfanyakazi wako. Samaki wote ni wako kabla hawajagusa mchanga. Tukaanza kuweka akiba. Kuna aliyeuza mbuzi, kuna aliyeuza kitanda. Sitawaambia ilikuwa ngapi, lakini kila shilingi ilinuka samaki.

Kwa nini Uganda? Kwa sababu upande wetu mbao nzuri ilikuwa imekuwa ghali kama dhahabu. Mafundi walikuwa wanapigilia mbao mbichi, unapewa mashua leo, baada ya miezi michache imejikunja kama chapati. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua kwetu Samia, mnisikie ninapoongea habari ya mbao. Alinitoa shule darasa la nne, nikamshikia misumari. Alikuwa anasema mashua haidanganyi, mwenye mashua ndiye anadanganya, kwa hivyo ukimaliza kuchunguza mbao hujamaliza kazi, umefika nusu tu. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyelewa busaa.

Mashua yetu ilipatikana na Truphena. Truphena ndiye aliweka pesa ya chama, mwanamke wa haraka, akila ugali na simu iko begani. Alivuka kwenda kununua omena, wale dagaa wa ziwa, akarudi amejaa furaha.

"Mama Ajiambo, nimepata. Mbao ya mvule. Mwenyewe anaitwa Barasa, Msamia kama sisi. Tumeongea lugha yetu mpaka akanipa chai."

"Anauza kwa nini?"

"Amechoka na maji, anataka kulima."

"Na bei?"

Akataja milioni mpaka wenzetu wakashika vichwa. Nikamwuliza, "Milioni ya nani? Ya Museveni ama yetu?" Truphena akatazama chini. Hakuwa ameuliza. Niwaambie, ukifika nchi ya watu, kabla ya kuuliza bei ngapi, uliza bei ya pesa gani. Nimeona mtu akishikana mikono na mwenzake, kila mmoja ana furaha, kila mmoja anahesabu kwa pesa ya nchi yake. Tukapiga simu, ikawa ni shilingi ya Uganda, tukapumua.

Lakini nilikataa kubeba pesa. Na nilikataa kumtumia Barasa hata senti. Nikaenda kwa Mzee Abdi. Alikuwa na binamu mwenye duka huko huko upande wa Uganda, na wao hutumiana pesa bila pesa kutembea. Wewe unampa Abdi hapa, binamu anatoa kule.

Nikamwambia, "Mzee Abdi, nataka pesa ikae kwako. Binamu yako asitoe kitu mpaka asikie sauti yangu."

"Na kama mwenye mashua anakuja na wewe, anasema toa?"

"Asitoe."

"Na kama Truphena anapiga simu?"

"Asitoe."

Akacheka. "Na kama wewe unapiga, lakini kuna mtu amekushikia panga?"

Hiyo sikuwa nimefikiria. Tukakubaliana neno. Nikisema samaki wamefika, binamu atoe. Nikisema neno lingine lolote, hata nikilia, asitoe. Siku hizi mnafanya hivyo na benki na mawakili, mnaita majina makubwa. Ni sawa. Lakini jambo lenyewe ni hilo: pesa isikae kwa muuzaji, isikae kwako, ikae kwa mtu wa tatu ambaye nyinyi wote mnamwogopa kidogo na kumwamini sana. Na mlipe kazi yake. Mtu wa kushika pesa bure, hiyo pesa itamshika.

Tulienda watatu, mimi, Truphena na Nafula. Barasa alitupokea vizuri, mtu mrefu, kofia safi, maneno laini. Mtu wa lugha yako ndiye anakuibia vizuri, maana humuulizi mara ya pili. Akatupeleka bichi, pale ufuoni wavuvi wanapotia nanga. Mashua ilikuwa mbali kidogo na zingine, imelala kifudifudi mchangani.

Nilivua viatu nikaanza kazi. Nilitoa msumari mrefu niliokuja nao kwa leso, nikaanza kudunga. Msidunge ubavuni ambapo kila mtu anaona. Dunga chini kabisa, pale mbao mbili zinakutana, na karibu na misumari ya zamani, hapo ndipo kuoza huanzia. Msumari ukiingia kama kwa mkate, nenda nyumbani. Ukikataa, endelea. Tazama rangi mpya. Rangi mpya si dhambi, lakini ikiwa mahali pamoja tu, kuna kidonda chini yake. Chokoa nyufa uone kama ni pamba na lami vilivyokaa, ama ni matambara ya jana. Nusa pia. Mbao iliyooza inanuka kama pango la panya.

Mashua ilikuwa nzima. Nasema ukweli, baba angeisalimia. Nambari yake ilikuwa pale pale, haijafutwa. Truphena akaanza kuimba. Nafula aliweka mkono juu ya mbao, akauacha hapo.

Ni nyasi iliyonishtua. Nyasi ilikuwa imeota pembeni mwa mashua kuzunguka pande zote, ndefu, hakuna iliyokanyagwa. Mtu aliyechoka na maji wiki jana hana nyasi kama hiyo.

"Barasa, mbona imelala kifudifudi?"

"Mvua, mama. Isijae maji."

"Na hizo zingine? Mvua haizioni?"

Akacheka kidogo. "Wewe mama unapenda maswali."

Nikasema nataka kunywa maji. Nikaenda kwa wanawake waliokuwa wakianika omena. Ukitaka habari ya bichi usiulize wanaume wanaokaa kwa kivuli, hao wanauza habari pia. Uliza wanaoanika, wao huona kila kitu na hakuna anayewahesabu. Nikawasalimia, nikainama nikageuza omena pamoja nao. Halafu nikauliza ile mashua ni ya nani. Wakanyamaza wote pamoja, kama vyura mtu akipita. Mmoja akasema polepole, bila kunitazama, "Mama, hiyo mashua inalia."

Kwetu, mwenye mashua akifa, mashua inatolewa majini na kulazwa kifudifudi. Inamlilia mwenyewe kama mtu wa nyumba yake. Haiguswi, haiuzwi, mpaka matanga yaishe na mjane aiguse kwanza kwa mkono wake irudi majini. Nilijua hiyo tangu utoto. Lakini nimekaa Eldoret miaka mingi, nimezoea lori na barafu, nilitazama mashua ya matanga nikaona biashara.

Mjane aliitwa Nabwire, wale wanawake wakanionyesha nyumba yake. Marehemu alikuwa ndugu yake Barasa, na hilo Barasa hakumwambia Truphena hata kidogo. Nilimkuta Nabwire nyuma ya nyumba, kichwa kimenyolewa, anachambua maharagwe kwa ungo. Alikuwa na umri wa Nafula.

"Mama, karibu. Mmetoka mbali?"

"Eldoret. Tumekuja kwa mashua."

Aliacha kuchambua. "Mashua gani?"

"Ile iliyolala."

Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini vizuri, maharagwe yasimwagike, akasema, "Shemeji aliniambia anaipeleka kupakwa rangi." Kisha akaniuliza, "Mama, nyinyi mnauza samaki?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mnajua mimi nitakuwa nani hapa bichi hiyo mashua ikienda." Nikamkumbuka Nafula. Nilikuwa nimemwacha ameweka mkono kwa ile mbao.

Niliporudi, Barasa alikuwa ameshapoteza ulaini. "Mama, wewe ni Msamia. Unajua mali ya marehemu ni ya ukoo. Huyo msichana ameolewa tu juzi. Kuna mtu wa Jinja anakuja kesho na pesa mkononi. Ama unataka ama hutaki."

Nikamvuta Truphena kando. "Hii mashua si yake. Twende."

Hapo Truphena akaanza kulia. "Hatuwezi kwenda. Nimeshaifunga."

Nyinyi hamjui kufunga, ngoja niwaeleze. Sisi wauza samaki, mvuvi kabla hajaingia majini tunampa pesa kidogo. Hapo umemfunga, samaki yake ni yako, hawezi kuuzia mwingine. Usipofunga unarudi nyumbani na barafu tupu. Mkono wa muuza samaki umezoea kutoa kwanza kupata baadaye. Truphena alipoona mashua nzuri, mkono wake ulifanya kazi yake ya kila siku. Alimpa Barasa pesa ya kufunga, siku ile ile ya chai. Lakini samaki anafungwa na njaa ya mvuvi, maana kesho atakuhitaji tena. Muuzaji wa mashua hakuhitaji tena. Mtakutana naye mara moja tu maishani, na yeye anajua. Ukimpa kwanza, umejifunga wewe.

"Imekwenda," nikamwambia. "Usitupe ndoo ukifuata kamba."

"Mama Ajiambo, hata tukiacha, huyo wa Jinja atanunua. Mjane atakosa na sisi tutakosa. Kuna faida gani?"

Lilikuwa swali la haki. Nafula akanikaribia. Alishika kitambaa changu cha begani kama mtoto. "Mama, sema lile neno. Mbao ni nzima, umeona mwenyewe. Nakuomba. Sema samaki wamefika."

Nikapiga simu kwa binamu ya Abdi. Barasa alisimama hapo, masikio yamesimama pia. Nikasema, "Hapa hakuna samaki. Asubuhi njema." Nikakata.

Nafula aliachilia kitambaa. "Mmelinda pesa," alisema. "Na mimi zamu yangu ya ziwa ni wiki ijayo. Ni nani atanilinda mimi?"

Tukarudi Eldoret. Na ndiyo, wiki iliyofuata alishuka ziwani, na samaki yake ilikuwa nzuri. Nilijitolea kuchukua zamu zake, akakataa. "Utachukua zamu ngapi, Mama? Utakufa, na mimi bado nitahitaji samaki." Msifikiri kuamua vizuri kunaleta usingizi. Ile miezi niliuza samaki wa Nafula kwa mikono yangu na kila mmoja alikuwa mzito.

Lakini kuna kitu tulifanya kabla hatujaondoka kule, na ndicho kiliokoa. Nilimshika Nabwire mkono, tukaenda kwa mwenyekiti wa bichi, na wale wanawake wa omena wakatufuata bila kuitwa, mikono bado ina magamba. Nikasema mbele ya watu, kwa sauti: sisi wageni tulikuja kununua, tumekuta mashua inalia, tumerudi. Basi. Sikumtukana Barasa. Aliyetukana ni mama ya marehemu, ambaye pia ni mama yake Barasa, ajuza aliyekuwa hajui kitu. Alimtazama mwanawe akasema, "Hata kaburi la ndugu yako halijakauka, umeshauza miguu yake?" Baada ya hapo huyo mtu wa Jinja angenunua kwa nani? Jambo lililosemwa mbele ya bichi nzima huwezi kuliuza pembeni. Pesa ya Truphena haikurudi. Barasa anailipa kwa ahadi mpaka leo.

Matanga yalipoisha, simu ililia nikiwa sokoni. "Mama, ni Nabwire. Nauza mimi mwenyewe, pesa ikae mkononi mwangu. Njooni muione ikiwa majini."

Tukaenda tena, wale wale watatu. Nafula hakutaka, nilimvuta. Mashua ilikuwa inaelea, Nabwire ameshika kamba, nywele zimeanza kuota. Nilisema ipakiwe mawe, na watu wakae juu ya mawe, twende kwa makasia mpaka maji ya kina turudi. Mashua tupu ni kama bwana harusi, kila mtu anaonekana mzuri siku hiyo. Ipe mzigo ndipo uijue. Niliweka kiganja changu kwenye mbao ya chini nikakiacha hapo safari nzima. Kilitoka kikavu.

Injini, Nabwire alikuwa ameificha chini ya kitanda, imefungwa blanketi, shemeji asiione. Nikaigusa kabla ya kuwashwa. Kama ni moto, mtu ameihangaikia asubuhi ili ikudanganye ukifika. Ilikuwa baridi kama chungu cha jana, na ikalia mara ya kwanza.

Tukaketi kwa bei. Nilidhani, kwa yale tuliyomfanyia, atatupunguzia. Nabwire akatupandishia. Truphena alishika kiuno. "Dada, Barasa alisema chini ya hapo!"

"Barasa alikuwa anauza ya mtu," Nabwire akasema. "Mimi nauza yangu."

Nilimheshimu papo hapo. Tukashuka kidogo, akashuka kidogo, tukakutana. Iliandikwa kwa mwenyekiti, majina yote: Nabwire, ile ajuza akaweka kidole gumba, wawili wa omena wakawa mashahidi. Msinunue kitu ng'ambo mkashuhudiwa na marafiki zenu nyinyi. Mashahidi watoke kwa muuzaji, hao ndio anaishi nao. Na ushuru wa mpakani tulilipa dirishani, tukapewa risiti. Kuna kijana wa shati jeupe alitufuata akisema atatusaidia kupita haraka. Nikamwambia sisi ni wazee, haraka tulimaliza zamani.

Ndipo nikapiga simu. "Samaki wamefika." Nikasikia yule binamu anacheka, halafu nikasikia akihesabu. Nabwire alipokea pesa yake dukani, kwa mkono wake, sisi tukitazama mlango.

Mashua ilivuka mpaka ikakaa bichi ya upande wetu. Tuliandika wavuvi, mshahara kila Jumamosi. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Nafula, nami nilishuka naye nione kazi. Mashua iliporudi alfajiri imejaa, mmoja wa wale wavuvi, mtu aliyemjua Nafula tangu zamani, alishika mbuta mkubwa kuliko wote akamweka kando, akamtazama Nafula kwa ile tabasamu yao.

"Huyu nimekuwekea wewe," akasema. "Utapita jioni?"

Nafula alikunja sketi, akaingia majini mpaka magotini. Akamchukua yule mbuta kwa matamvua, akamtia kwa sanduku la barafu juu ya wengine.

"Jumamosi," akasema. "Utalipwa Jumamosi, kama wenzako."